Mitishamba kwa kuku wa mayai waliochanjwa: venye mimi hufanya, hatua kwa hatua

Wafugaji wenzangu, hii kitu nimeulizwa mara nyingi sana na majirani hapa Ruai hadi nimeona afadhali nikae chini niandike yote mara moja. Swali huwa ni moja tu: aloe vera, kitunguu saumu, mlonge, manjano na hizo zingine zinasaidia kuku kweli ama ni stori za mtaa? Zinasaidia. Lakini kuna vile zinasaidia na kuna vile zinaharibu, na penye zinaharibu zaidi ni karibu na siku ya chanjo.

Mimi nilijua hivyo kwa kuku wangu mwenyewe. Nilikuwa nao 120, wiki ya nane, wamependeza hadi watu wakipita kwa geti wanasimama. Siku ya kurudia chanjo ya Newcastle, yani kideri, nikafikiria wacha niwaongezee nguvu, nikasaga vitunguu saumu pamoja na aloe nzima na ganda lake, nikamwaga ndani ya yale maji ya chanjo. Maji yakawa machungu kama shubiri, na ni shubiri kweli. Kuku anakuja, anachovya mdomo, anatingisha kichwa, anaenda zake. Saa nne asubuhi drinka, vile vyombo vya maji, bado zimejaa na jua limeshawaka. Wiki tano baadaye ugonjwa ukapita mtaa wetu na nikazika 43. Daktari wa mifugo alipokuja aliomba daftari yangu, akaisoma polepole, akaniuliza, "Mama, hiyo siku ya chanjo uliwapa nini kingine?" Nikamwambia yote. Akafunga daftari, akasema, "Basi hawa hawakuchanjwa."

Kwa hivyo hatua zote nitaandika hapa zinazunguka hilo neno lake.

Hatua ya 1: Jua chanjo gani imepeanwa na inayofuata ni lini

Nunua daftari, hata ile ya kurasa 32 inatosha. Andika tarehe kuku walifika, tarehe ya kila chanjo, jina la chanjo na namba ya bachi iko kwa chupa. Kwa kuku wa mayai hapa kwetu mambo huenda hivi kwa jumla: Marek, ugonjwa wa virusi, wanachanjwa siku ya kwanza huko wanakoanguliwa, Gumboro inakuja karibu wiki ya pili na inarudiwa karibu wiki ya tatu, Newcastle inaanza mapema kabla ya wiki mbili ama hapo hapo, inarudiwa wiki ya tatu au nne, tena karibu ya nane, tena wiki ya 16 hadi 18 kabla waanze kutaga, na baada ya hapo wengi hurudia kila miezi mitatu. Ndui ni wiki ya sita hadi nane, inadungwa kwa ngozi ya bawa. Taifodi ya kuku ni karibu wiki ya nane, hiyo ni ya sindano. Daktari wako anaweza kusogeza tarehe kulingana na magonjwa ya eneo lenu, mfuate yeye.

Kwa nini nasisitiza tarehe? Chanjo haifanyi kazi siku unayoipeana. Mwili wa kuku unachukua kama wiki mbili hadi tatu kutengeneza kinga ya kutosha, na hizo wiki ndizo mitishamba iko na kazi ya maana, kwa sababu kuku anahitaji protini, vitamini A, zinki na tumbo lenye afya ndiyo atengeneze hiyo kinga. Mitishamba inasaidia mwili ujibu chanjo vizuri. Haichukui nafasi ya chanjo. Newcastle ni virusi na haina dawa, si ya duka si ya mti, na mtu akikuambia amewahi kuiponya kwa pilipili na majivu, mwambie asante mama ama asante mzee, halafu uende uchanje.

Hatua ya 2: Kabla ya mti wowote, toa kile kinakula kinga

Hapa ndipo watu wengi wanaruka, wanakimbilia mlonge na chakula chenyewe kimeoza.

Adui wa kwanza ni sumukuvu. Ile kuvu inamea kwa mahindi na pumba zilizowekwa na unyevu, sumu yake inapiga ini ya kuku na inapunguza kabisa venye mwili unajibu chanjo, yani unaweza kuchanja vizuri na bado kinga ikawa hafifu. Hii si kitu ya kubahatisha, hapa Kenya mwaka wa 2004 sumukuvu kwa mahindi iliua watu 125, wengi wakiwa upande wa Makueni na Kitui. Kuku ni mdogo zaidi. Ukijichanganyia chakula mwenyewe, ingiza mkono ndani kabisa ya gunia, ukisikia joto ama harufu ya chumba kilichofungwa, ama uone mabonge yameshikana, hiyo usipatie kuku, na usipatie mbwa pia. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, maana ukuta wa mabati asubuhi hutoa jasho hasa Julai.

Ya pili ni hewa. Fanya hivi: chuchumaa hadi kichwa chako kiwe usawa wa kuku, kaa hapo dakika mbili ukipumua kawaida. Macho yakianza kuwasha, hiyo ni amonia ya mavi, na kuku analala kwa hiyo hewa usiku mzima, inamchoma njia ya pumzi na hapo ndipo Newcastle na magonjwa ya kifua yanaingilia. Badilisha matandiko, fungua upande wa juu upepo upite, halafu ndiyo tuongee mambo ya tangawizi.

Ya tatu, minyoo na utitiri. Dawa ya minyoo peana kama wiki moja kabla ya chanjo kubwa. Utitiri utawapata usiku ukimulika tochi chini ya mbao wanazolalia, wako kama vumbi jekundu linalotembea. Hapo mwarobaini ni mzuri kweli kweli, chemsha majani, wacha yapoe, pakaza kwa mbao na kwa nyufa.

Na Gumboro usiichukulie poa. Kuku ana kifuko kidogo juu ya mkundu kinaitwa bursa ya Fabricius, hapo ndipo seli nyingi za kutengeneza kinga hukomaa akiwa mdogo. Gumboro inapiga hapo hapo. Kifaranga akiharibiwa bursa, chanjo zote zinazofuata zinafanya kazi nusu nusu, na hakuna manjano itarudisha.

Hatua ya 3: Chagua mimea michache, achana na mingine

Mimi natumia sita na sijawahi kuona haja ya saba: aloe vera, kitunguu saumu, tangawizi, manjano, majani ya mlonge na thabai, ule mmea wa majani yanayowasha. Zote nazipata bila shida. Saumu na tangawizi ni mama mboga wangu ama soko la Marikiti nikienda kuuza mayai, manjano mbichi hupatikana City Park kule Parklands, thabai inauzwa kwa soko nyingi, na mlonge naletewa kutoka Ukambani kwa sababu hapa Nairobi baridi inaufanya umee polepole sana. Aloe nimepanda mwenyewe kwa ndoo kuukuu. Panda yako, usiende kuchimba zile za porini, zinalindwa na sheria na pia kuna aina zingine za porini ziko na sumu.

Manjano nunua mizizi usage mwenyewe. Unga wa kupimiwa huwezi jua umeongezwa nini, na rangi ikiwa kali sana mimi huogopa.

Hizi usiwape: majani, ganda na kokwa la avokado, kwa sababu yana sumu inaitwa pasini ambayo inapiga moyo wa ndege, na najua hapa Nairobi tunawatupia kuku maganda yote ya jikoni bila kuangalia. Tumbaku iliyolowekwa, hapana, hiyo nikotini inaua. Mwarobaini wa kunywa kila siku kwa kuku anayetaga pia hapana, ni mchungu, kuku anapunguza kula, na ukizidi unaingilia uzazi na mayai yanapungua. Uweke kwa utitiri.

Pilipili kichaa watu huniuliza sana. Ndege hawasikii ukali wa pilipili kama sisi, ndiyo maana ndege wa porini wanazila na kusambaza mbegu. Kidogo kwa chakula haina shida, iko na vitamini na zile nyekundu zinasaidia rangi ya kiini. Lakini si dawa ya Newcastle, nishasema.

Hatua ya 4: Kutayarisha, na hapa usiharakishe

Nitapiga hesabu ya kuku 100 wanaotaga. Hao wanakula kama kilo 12 kwa siku, yani gunia la kilo 70 halimalizi siku sita, na wanakunywa lita 20 hadi 25, zaidi jua likiwa kali. Kama uko na 50 gawa kwa mbili. Tafuta mizani ndogo ya jikoni, vijiko vinadanganya.

Aloe. Kata jani la chini kabisa, lile nene, kwa mmea uliokomaa wa miaka miwili au mitatu. Lisimamishe ndani ya kopo, upande uliokatwa ukiangalia chini, uliache dakika 15 hadi 20. Utaona maji ya njano yanatoka polepole yanajikusanya chini ya kopo, na harufu yake ni kali, inakaribia ya kitunguu kilichoanza kuharibika. Hayo ndiyo machungu yenyewe, yako na aloini, inaendesha tumbo. Mwaga. Osha jani, toa miiba ya pembeni, menya ganda kama unamenya embe bichi, ubaki na ule ute mweupe unaopitisha mwanga, uoshe tena hadi maji yasiwe na rangi ya njano. Sasa onja kwa ncha ya ulimi. Kama bado ni chungu, osha tena, kwa sababu kama wewe umekunja uso kuku hatakunywa. Piga kwa blenda na maji kidogo, chuja na kichungi cha chai.

Kipimo changu ni mililita 10 za huo ute kwa lita moja ya maji, kwa hivyo lita 20 zinachukua mililita 200, kama kikombe kimoja kidogo cha chai. Weka asubuhi, na kufika jioni mwaga kilichobaki uoshe drinka kwa kusugua, ule ute unashika kwa plastiki na kesho yake utakuta utelezi umejaa bakteria. Usipoosha drinka, heri hata hungeweka aloe.

Kitunguu saumu. Gramu 60 kwa siku kwa kuku 100, hiyo ni kama kichwa kimoja kikubwa ama viwili vidogo. Ponda punje, halafu usifanye kitu kwa dakika kumi. Ile nguvu ya saumu inaitwa alisini na haiko ndani ya punje nzima, inatengenezwa ukishaponda, na ukiitupa kwa maji moto mara moja unaiua kabla haijazaliwa. Baada ya dakika kumi changanya na chakula kidogo chenye unyevu kiasi, wape asubuhi kimalizike asubuhi hiyo. Chakula chenye maji kisilale, kitaota kuvu na tumerudi hatua ya pili.

Na usizidishe ukidhani ndiyo unasaidia. Wakati mmoja niliweka mara tatu ya hiyo kwa wiki mbili mfululizo na kijana ananunua mayai yangu ya kuuza boilo stejini akanirudishia treyi mbili, akaniambia kwa heshima tu, "Mathe, haya mayai yananuka kitunguu, wateja wamekataa." Alikuwa sawa, nilichemsha moja nikaonja. Na vitunguu vikizidi sana vinaweza kuharibu chembe nyekundu za damu ya kuku, kwa hivyo si harufu peke yake.

Manjano. Gramu 40 za unga kwa kilo 12 za chakula, kama vijiko vikubwa vitano hivi, na pilipili manga iliyosagwa nusu kijiko cha chai. Manjano peke yake mwili hauichukui vizuri, pilipili manga ndiyo inafungua njia. Ni nzuri kwa tumbo na ini, na kiini cha yai kinapata rangi watu wanapenda.

Mlonge. Majani makavu yaliyosagwa, kaushia kivulini, jua linachoma vitamini. Anza na gramu 20 kwa kila kilo ya chakula, hiyo ni gramu 240 kwa kilo 12, na usipite gramu 50 kwa kilo. Majani makavu ya mlonge yana protini karibu robo ya uzito wake na vitamini A ya kutosha, lakini pia yana vitu vinazuia chakula kuyeyushwa vizuri ukizidisha, na mayai yanashuka. Kuna kingine watu husahau: kila kitu unaongeza kwa chakula kinapunguza nafasi ya chokaa. Chakula cha kuku wa mayai kinahitaji kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, ganda la yai moja peke yake linabeba karibu gramu mbili za kalisi, kwa hivyo ukianza kuongeza majani weka chokaa ama maganda ya konokono wa bahari kwa chombo cha pembeni, kuku atajichukulia mwenyewe jioni.

Thabai ni kazi ndogo. Vaa glavu, ianike isinyae ama ikauke, haiwashi tena, katakata, wape kiganja mbili tatu. Tangawizi ni gramu 60 imeparwa kwa chakula, mimi naitumia zaidi Juni hadi Agosti wakati wa baridi.

Kuchanganya kuwe hivi: toa kilo moja ya chakula kwa beseni, weka unga wote wa siku hiyo humo, changanya kwa mikono hadi rangi iwe moja, ndiyo umwagie zile kilo 11 zingine juu ya turubai na ugeuze na koleo mara nne tano. Ukimwaga unga juu ya gunia zima na kukoroga tu, kuku wa mbele atakula manjano yote na wa nyuma ataskia kwa redio.

Halafu usiweke zote sita kwa siku moja. Mimi sichanganyi zaidi ya mbili kwa wakati, ili kuku wakihara ama mayai yakishuka nijue ni gani imeleta shida.

Hatua ya 5: Kalenda ya kuzunguka chanjo

Hii ndiyo roho ya mwongozo wote, isome mara mbili.

Kuanzia siku saba kabla hadi siku tatu kabla ya chanjo, wape mlonge na manjano kwa chakula, na aloe kwa maji kama unataka. Wanaingia kwa chanjo wakiwa wameshiba na tumbo liko sawa.

Siku mbili kabla, simama. Hakuna aloe kwa maji, hakuna saumu, hakuna dawa ya kuua viini, hakuna sabuni kwa drinka, osha na maji matupu tu na brashi. Chanjo nyingi za kunywesha ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na kitu chochote kinachoua viini kinaweza kuiua pia. Saumu inaua viini, si ndiyo sababu tunaipenda? Hapo ndipo nilikosea mimi.

Siku yenyewe ya chanjo ni maji, maziwa na chanjo, basi. Chanjo ibebwe kwenye barafu kutoka dukani hadi kwako, nyuzi 2 hadi 8, na ukiona muuzaji anaitoa kwa rafu ya kawaida rudisha pesa yako mfukoni uende kwingine, hata kama amekuitia mama na kukupa punguzo. Maji ya mfereji hapa Nairobi yana klorini, na klorini inaua chanjo, kwa hivyo tumia maji ya mvua safi ama ya kisima safi, na hata hivyo weka maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta gramu 2.5 kwa lita, koroga, ngoja dakika 20 hadi 30. Kuku 100 wakubwa wanahitaji lita nne tu za maji ya chanjo, yani gramu 10 za maziwa. Waondolee maji saa moja hadi mbili kabla ndiyo wawe na kiu, jua likiwa kali iwe saa moja tu. Fungua chupa ya chanjo ikiwa imezamishwa ndani ya maji. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya jua, sambaza drinka za kutosha ili wale wanyonge pia wafike, na wamalize ndani ya saa mbili. Tembea kati yao polepole wasiokunywa wainuke. Kuna zile rangi za buluu zinauzwa za kuchanganya na chanjo, ukitumia unafungua midomo ya kuku kadhaa unaangalia ulimi, ukiona buluu umelala usingizi mzuri.

Siku ya kwanza na ya pili baada ya chanjo, bado hakuna mti wowote kwa maji. Vitamini za kawaida zinaruhusiwa. Kuku wengine watakohoa kidogo ama watazubaa siku chache, hiyo ni kawaida ya chanjo hai, usiingiwe na hofu ukaanza kumwaga dawa.

Kuanzia siku ya tatu rudisha. Aloe siku tatu mfululizo kisha pumzika nne. Mlonge na manjano kwa chakula hadi siku ya 14 ama ya 21. Saumu mara mbili kwa wiki inatosha. Baada ya hapo wapumzishe kabisa wiki mbili wale chakula chao cha kawaida, na thabai tu kwa mboga.

Kama chanjo ni ya kudunga, kama ile ya taifodi, saumu kwa chakula haigusani nayo moja kwa moja, lakini mimi napumzisha siku mbili mbili hivyo hivyo kwa sababu ratiba moja ni rahisi kukumbuka. Na kama hiyo chanjo ni ya bakteria hai, antibiotiki usiguse karibu nayo, uliza daktari siku ngapi. Mwambie daktari pia mitishamba unayotumia kabla hajakuandikia dawa yoyote, hata kama unaona aibu, pilipili manga kwa mfano inabadilisha venye mwili unachukua dawa.

Hatua ya 6: Hesabu, usikisie

Kila jioni andika mayai mangapi, chakula kilo ngapi kilibaki, nani amekufa. Kuku 100 wakitoa 85 leo, 84 kesho, 86 kesho kutwa, hiyo ni sawa. Wakishuka 85, 80, 74 ndani ya siku tatu tangu uanze mti fulani, toa huo mti siku hiyo hiyo. Mavi ya kijani kidogo ukiwapa mlonge na thabai si ugonjwa, ni rangi ya majani.

Lakini mavi ya kijani yenye maji, pamoja na kuku kuzubaa, kuhema na mdomo wazi, shingo kujipinda, na mayai kutoka laini bila ganda, hiyo usisubiri tangawizi ichemke. Tenga walio wagonjwa, usiuze wala kuhamisha kuku yeyote, badilisha viatu kabla ya kuingia na baada ya kutoka, piga simu kwa daktari wa mifugo. Akifa mmoja usimtupe kwa pipa la ploti, mfunge kwa karatasi mbili za plastiki, weka barafu pembeni bila kumgandisha, mpeleke Kabete, kuko na maabara kuu ya mifugo ya serikali na pia kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, watampasua na kukuambia ni nini. Mfikishe siku hiyo hiyo, akikaa sana ameoza na hawataona kitu.

Kuku wangu wa sasa wako wiki ya 31. Chanjo yao ya Newcastle ni Jumamosi asubuhi, maziwa gramu kumi nimeshapima nikafunga kwa karatasi, na tangu Alhamisi aloe imekaa kwa ndoo yake bila kukatwa.